Nani ameangalia mahali nilipo? Barua ya wazi kwa TCRA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania;
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi;
Nakala: wakuu wa kampuni zote za simu zenye leseni nchini.

Waheshimiwa,

Salaam. Nina ombi moja, na nitalitaja hapahapa juu ili msije mkachoka kabla hamjalifikia. Naomba kila mwenye laini ya simu Tanzania aweze kuiuliza kampuni yake, na ajibiwe bila kuzungushwa: nani amefungua rekodi za mahali nilipo, lini, na kwa amri ya nani. Mengine yote yaliyomo humu ni sababu za kuliomba.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ya minara. Sikuwa bosi wala mhandisi wa kwenye kiyoyozi. Nilikuwa fundi wa mkandarasi, yule anayepanda na mkanda kiunoni kugeuza antena, akishuka anazunguka mitaani na gari lenye simu kadhaa zimefungwa mbele kupima kama mtandao umekaa sawa. Tandale, Manzese, Gongo la Mboto, Kimara mpaka Mbezi, Kigamboni kabla ya daraja na baada ya daraja. Ninachokijua kuhusu minara nimekijua kwa mikono. Ndiyo maana nashangaa: kwenye semina za ulinzi wa taarifa nilizopata kuhudhuria, tunaonywa kuhusu programu tunazopakua, picha tunazoweka mitandaoni na nywila za watoto wetu. Mnara hautajwi. Nao ndio unaotufuata kuliko vyote.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo haikwepeki, na sitaki mtu anione namlaumu mnara kwa kuwa mnara. Ili simu yako iite, mtandao lazima ujue uko upande gani. Simu ikiwa imetulia mfukoni hujiripoti kila inapovuka kutoka kundi moja la minara kwenda jingine, na hata ukikaa palepale hujiripoti kila baada ya muda uliopangwa. Hapo mtandao unakujua kwa upana tu. Ila ukipiga, ukipokea, ukituma ujumbe, au bando likifanya kazi, unajua ni mnara upi umekushika. Unajua pia ni ubavu upi wa mnara, maana mnara wa kawaida umegawanywa pande tatu, kila upande na antena zake.

Halafu kuna umbali, ambao wateja wengi hawajawahi kuusikia. Mawimbi huchukua muda kusafiri. Simu iliyo mbali na mnara huambiwa iwahishe kutuma kidogo ili ujumbe wake ufike kwa zamu yake bila kugongana na wa jirani. Kiasi hicho cha kuwahisha ndicho kinachosema uko mbali kiasi gani. Kwenye 2G hatua moja ya kipimo hicho ni kama mita 550. Kwenye 4G ni kama mita 78. Kwenye 5G, ambayo Dar tumeanza kuiona tangu 2022, inaweza kushuka chini ya hapo.

Sasa ichukueni hesabu hiyo mpaka Kariakoo. Kijijini mnara mmoja unahudumia kilomita nyingi, kwa hiyo ukisema fulani alikuwa kwenye mnara ule hujasema mengi. Kariakoo minara imebanana juu ya maghorofa, na mingine ni midogo, imewekwa kwa ajili ya mtaa mmoja tu. Ukiwa na mnara, ubavu na umbali, unaweza kutofautisha aliyesimama Mtaa wa Congo na aliye Msimbazi karibu na polisi. Na kadiri tunavyoomba mtandao wa kasi, minara inazidi kusogeleana. Kasi na uchunguzi vinakuja kwenye nguzo moja.

Simu janja nazo hazilali. Mwenye kitochi anayepiga mara mbili kwa siku anaacha alama chache. Mwenye simu janja, hata akiwa usingizini, WhatsApp inaamka, benki inaamka, habari za mpira zinaamka, na kila kitu kikiamka simu inaunganishwa na mnara na alama inabaki.

Watu huniambia, "Mimi nimezima lokesheni." Vizuri, zima. Kitufe kile kimewekwa hasa kwa ajili ya programu zilizomo ndani ya simu. Mazungumzo ya modemu, kile kifaa cha ndani ya simu kinachoongea na mnara, na mtandao ni habari nyingine. Mnara haukuhitaji kibali hicho kujua umekushika. Zaidi ya hapo, mtandao unaweza kuiomba simu yenyewe ipige hesabu za setilaiti na kurudisha jibu, yaani vipimo vya GPS vya mita chache. Utaratibu huo umo kwenye viwango vya kimataifa tangu enzi za GSM, yaani 2G, ukiitwa RRLP, na kwenye 4G na 5G unaitwa LPP. Uliletwa kwa sababu njema. Marekani, tangu 1996, mdhibiti aliagiza kampuni ziwe na uwezo wa kumpata mtu aliyepiga namba ya dharura 911. Mgonjwa asiyeweza kueleza yuko wapi anaokolewa, na hilo ni jambo zuri. Lakini ombi hilo likija, kwa kawaida kioo cha simu hakioneshi kitu: hakuna mshale mdogo juu, hakuna swali la kuruhusu au kukataa. Je, kampuni zetu zimewasha uwezo huo? Kwa nani? Kwa dharura tu? TCRA, ninyi mnaweza kuuliza mkajibiwa.

Mwanzoni mwa 2026 Apple walitoa mpangilio mpya unaopunguza usahihi wa mahali panapotolewa kwa mtandao, ili kampuni ijue mtaa kwa ujumla badala ya nyumba. Ulipoanza ulikuwa kwa simu zao chache zenye modemu waliyoitengeneza wenyewe, na kwa mitandao michache ya Ujerumani, Uingereza, Marekani na Thailand. Kitongoji chetu hakimo. Na hapa wengi wetu tumeshika Tecno, Infinix na itel. Hata hivyo jambo hilo linatuambia kitu: kama mtengenezaji wa simu ameona kuna haja ya kuikinga simu dhidi ya mtandao wenyewe, basi hatari si hadithi ya mafundi waliostaafu.

Niwape mfano niliougusa.

Msaidizi wa kisheria wa kata jirani alinijia na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na karatasi kadhaa zilizochapishwa, safu nyembamba, maandishi madogo: tarehe, saa, namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, sekunde, IMEI ya simu, na safu ya mwisho yenye majina yaliyofupishwa ambayo yeye aliyaona kama mafumbo. Kwangu yalikuwa majina ya vituo vya minara, kila jina na tarakimu mwishoni, 1, 2 au 3, yaani ubavu. Mwenye namba ni mama mmoja fundi cherehani aliyemkimbia mumewe Mbagala kwa sababu ya kipigo, akajisitiri kwa mdogo wake Bunju, mwisho mwingine wa jiji. Alikuwa amebadili laini, kama alivyoshauriwa na mashoga zake. Simu ilikuwa ileile. IMEI ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe, si ya laini, haijali umeweka laini gani, na anayetafuta kwa IMEI ya zamani anaipata namba mpya siku ileile. (Anayesoma barua hii na yuko kwenye hali kama ya huyu mama: laini peke yake haitoshi, badilisha na simu.)

Nilimsomea karatasi kwa sauti. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, siku nenda siku rudi, mnara uleule, ubavu uleule: hapo ndipo anapolala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mnara wa barabara kuu, halafu Tegeta, halafu Mwenge: hiyo ni daladala, na Mwenge ndipo anaposhukia. Mchana kutwa Mwenge, hahami: kazini. Jumapili saa tatu asubuhi anatokea ubavu mwingine kabisa, kwa muda wa saa mbili hivi, kisha anarudi: kanisani. Hakukuwa na neno hata moja la mazungumzo yake humo, wala halikuhitajika. Msaidizi wa kisheria akaniuliza kama mtu asiye fundi angeweza kuyasoma yale. Nikamwambia akiwa na mtu wa kumtajia majina ya vituo, ni kazi ya dakika kumi.

Mume alifika Bunju na karatasi hizo mkononi. Majirani ndio waliomtoa. Katika purukushani karatasi zikabaki kibarazani, ndiyo maana zilinifikia. Alikuwa akijigamba kwamba ana "mtu wa ndani" na kwamba haikumgharimu sana. Kampuni siitaji, na nani alibonyeza kuchapisha sijaambiwa. Lakini karatasi ile ilitoka mahali, kwenye kompyuta yenye jina la mtumiaji na nywila, siku fulani, saa fulani.

Baada ya hapo nikaenda duka la huduma kwa wateja la kampuni ninayotumia mimi. Nilitaka kuona kama mwenye mali naye anaweza kupewa.

Binti wa kaunta alikuwa na adabu zake. "Shikamoo, baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Naomba rekodi za minara iliyonishika mwezi uliopita."

"Unataka stetimenti ya miamala?"

"Hapana. Ya mahali. Mlivyoniona nilipokuwa."

Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaenda nyuma kwa msimamizi. Aliporudi akasema kwa upole, "Baba, hiyo mpaka uje na barua ya polisi."

"Lakini ni yangu."

"Ndiyo baba, ni yako. Ila kuitoa ni mpaka polisi."

Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Lakini oneni hesabu ilivyokaa. Mimi mwenye laini, niliyeisajili kwa kidole changu, sipewi. Mume wa yule mama, asiye na haki yoyote, aliipata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inanipa haki ya kujua taarifa zangu zilizo mikononi mwa wengine. Tume mlizinduliwa Aprili 2024. Kaunta bado haijapata habari.

Ujerumani mwanasiasa mmoja wa chama cha Kijani, Malte Spitz, aliomba rekodi zake kwa Deutsche Telekom akakataliwa, akaenda mahakamani. Mwishowe akapewa za miezi sita: mistari zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 gazeti la Die Zeit liliziweka kwenye ramani, na Wajerumani wakaona mtu mzima akitembea, akipanda treni, akilala, akiamka, kwa kutumia vitu ambavyo kampuni ilikuwa inavihifadhi tu kama sehemu ya kazi. Mtu anayedhani "data za mitambo" si kitu na aitazame ramani ile.

Najua kuna jibu la kwamba data zikitolewa kwa utafiti au biashara majina huondolewa. Mwaka 2013 watafiti walichunguza rekodi za miezi 15 za watu milioni 1.5 wa nchi moja ya Ulaya, zisizo na majina. Walikuta kwamba alama nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtenga mtu mmoja katika asilimia 95 ya watu wale. Nne! Nyumbani, kazini, kanisani au msikitini, na kwa mama mkwe.

Huo ni mlango wa ndani, yaani rekodi zinazotokea ndani ya kampuni yenyewe. Kuna na wa nje, ambao nitaupitia haraka kwa sababu mafundi wenu wanaujua, na kama hawaujui basi tuna shida kubwa zaidi.

Kampuni za simu duniani huongea zenyewe kwa zenyewe kwa utaratibu uitwao SS7, uliobuniwa kuanzia miaka ya 1970, wakati kampuni zilikuwa chache na zikiaminiana. Ndio unaofanya laini ya mfanyabiashara wa Kariakoo iendelee kufanya kazi akitua Guangzhou. Ndani yake kuna maswali ambayo mtandao mmoja huuliza mwingine, na mojawapo ni hili: namba hii iko kwenye mnara gani? Kwa miaka mingi mitandao mingi ilijibu bila kuhoji anayeuliza ni nani. Desemba 2014, kwenye mkutano wa wadukuzi huko Hamburg, Tobias Engel alionesha hadharani jinsi mtu aliyepata kiungo kwenye mfumo huo anavyoweza kufuatilia simu iliyo nchi nyingine. Tiba inajulikana: kichujio mlangoni, na umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, umetoa miongozo. Ninachotaka kujua ni kama kuna aliyevipima vichujio vya kampuni zetu kwa kuvijaribu, na matokeo yako wapi. Cheti cha ukutani hakitoshi.

Msiniambie 5G imemaliza tatizo. 5G imefanya jambo jema: utambulisho wa laini husafiri hewani ukiwa umesimbwa, ili mwenye mnara bandia asiudake. Lakini kinga hiyo inataka 5G iliyokamilika, isiyoegemea mitambo ya 4G, na pia laini na mtandao vilivyotayarishwa kwa ajili yake. Simu ikisukumwa irudi 2G, ambako mnara hauthibitishi kwa simu kwamba ni mnara wa kweli, tunarudi kulekule. Na juu ya yote, kinga hiyo ni dhidi ya mtu wa nje. Kampuni yenyewe, na "mtu wa ndani" wake, wanaona kama kawaida.

Mkitaka kuona biashara inavyokuwa pasipo macho, tazameni Marekani. Kampuni kubwa za simu kule ziliuza njia ya kupata mahali walipo wateja kwa madalali, madalali wakawauzia wengine, mpaka mwaka 2019 mwandishi wa habari akamlipa mtu dola 300 na akapewa mahali simu ilipo. Aprili 2024 mdhibiti wao, FCC, alizitoza AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint faini ya karibu dola milioni 200 kwa jumla. Zikakimbilia mahakamani kupinga. Angalau kule kesi inajulikana kuwa ipo.

Sasa polisi. Sitaki kuwa mtu wa kupinga kila kitu. Mtoto akipotea Temeke, mtu akitekwa, simu ikiibwa ikiwa na pesa za kikoba ndani, rekodi hizi zinasaidia, na zinapaswa kusaidia upesi. Tatizo ni nani anashika ufunguo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kudai data kwa ajili ya uchunguzi. Hakimu hayumo. Wakuu wa vituo nchi hii ni wengi, na wote ni binadamu wenye ndugu, wadeni na wake waliowakimbia. Marekani, mwaka 2018, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Carpenter kwamba polisi wanahitaji hati ya hakimu kupata rekodi za minara za mtu. Hapo polisi walikuwa wamechukua za siku 127.

Na kwetu kuna jambo ambalo haliwezi kuachwa nje ya barua kama hii. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti shauri la kazi la London, ambamo aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo Tanzania wakati huo, alidai kwamba taarifa za simu na za mahali za Tundu Lissu zilikuwa zikipelekwa kwa mamlaka za serikali katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Hukumu ya shauri lile si yangu kuitoa. Ninachojua ni kwamba Watanzania tulihitaji kusubiri miaka saba, na baraza la nchi nyingine, ili swali "nani alikuwa anaangalia?" litamkwe mbele ya mtu wa kulisikiliza. Katika mji ambao watu wanachukuliwa na "wasiojulikana" na ndugu wanazunguka vituo vya polisi kuwatafuta, hilo ni swali la uhai.

Tena rekodi hizi hudanganya, na wanaozitumia mahakamani wangepaswa kusikia haya kutoka kwa fundi. Simu iliyo Feri, upande wa Posta, inaweza kushikwa na mnara wa Kigamboni, ng'ambo ya maji. Mawimbi hayakutani na ukuta wala paa juu ya bahari, yanateleza. Nimekaa pale kivukoni nikitazama simu ya kupimia ikihamia ng'ambo na kurudi, huku mimi sijasogea hata hatua. Mtu anaweza kusomeka "alikuwa Kigamboni saa mbili usiku" na alikuwa anakula samaki Magogoni. Denmark, mwaka 2019, waligundua makosa kwenye programu iliyokuwa ikibadilisha data za simu kuwa ushahidi, wakasimamisha matumizi yake mahakamani kwa miezi miwili na kuamuru kesi zaidi ya 10,000 zipitiwe upya. Sisi makosa hayo tungeyagunduaje, ikiwa mshtakiwa mwenyewe hawezi kupewa rekodi yake kaunta?

Nirudi kwenye ombi, na niliweke vizuri.

Nikija ofisini kwenu Barabara ya Sam Nujoma, mlinzi hanipitishi mpaka niandike kwenye daftari la wageni: jina, nitokako, ninayemfuata, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Naliheshimu daftari hilo. Nataka na rekodi ya mahali nilipo iwe nalo. Kila anayeifungua, awe mfanyakazi wa kampuni, polisi, mtafiti au mtandao wa nje, aandikwe na mfumo wenyewe, kwa namna ambayo hata msimamizi wa zamu hawezi kufuta. Na mimi niruhusiwe kulisoma.

Msiniambie haiwezekani kiufundi. Leo mtu wa Mbagala mwenye kitochi anabonyeza *106# anaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mmeweza hilo kwa mitandao yote. Ongezeni mstari mmoja kwenye menyu: rekodi zako za mahali zimefunguliwa mara ngapi mwaka huu, na na nani. Pale ambapo uchunguzi wa polisi ungeharibika mtu akijua mapema, hakimu aweke muda wa kuficha, muda wenye mwisho, kisha mstari uonekane. Yule mama wa Bunju angebonyeza, angeona, angehama kabla ya mume kufika. Na yule mtu wa ndani, akijua jina lake litatokea kwenye kitochi cha mwenye laini, asingebonyeza.

Yapo mengine yanayokwenda pamoja na hilo. Tume mtamke kwa maandishi kwamba rekodi ya mnara ni taarifa binafsi, na kwamba mwenye laini akiiomba anapewa, kwa kitambulisho chake na kidole chake, bila barua ya polisi. TCRA mtangaze kampuni zinaruhusiwa kuhifadhi rekodi za mahali kwa muda gani, na baada ya muda huo zifutwe kweli. Maombi ya GPS kutoka kwa mtandao yabaki kwa dharura na kwa amri ya hakimu. Vichujio vya SS7 vipimwe kila mwaka na mtu asiyelipwa na kampuni inayopimwa, na matokeo yatoke, hata kwa muhtasari. Kifungu cha 32 najua si chenu kukibadili, ni cha Bunge, lakini wabunge huwasikiliza ninyi kabla ya kutusikiliza sisi. Mkuu wa kituo awe na saa 48 za dharura, na baada ya hapo apite kwa hakimu.

Kuhusu gharama, kampuni zitalia. Zililia pia wakati wa usajili wa alama za vidole, na ikawezekana. Tulipanga foleni NIDA tangu alfajiri, wazee na wajawazito, kwa sababu tuliambiwa ikifika tarehe 20 Januari 2020 laini isiyo na kidole itazimwa, na kweli zikaanza kuzimwa. Tulitii. Tangu hapo kila mnara unaoshika laini unamshika mtu mwenye jina kamili. Leo laini zinazotumika nchini zimevuka milioni 90 kwa takwimu zenu wenyewe. Serikali ilipochukua kidole, ilichukua na dhamana ya kinachofuata baada ya kidole. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, na mawasiliano yake ya binafsi. Nimeinukuu kwa sababu kaunta ya huduma kwa wateja haiijui, na ningependa mwaka huu iijue.

Ninaomba majibu ya maandishi, kwa Kiswahili, na yatolewe kwa umma, si kwangu peke yangu: kampuni zetu zinahifadhi rekodi za mahali kwa muda gani, mwaka jana zilifunguliwa mara ngapi na kwa amri za aina gani, ni wafanyakazi wangapi wamechukuliwa hatua kwa kuzitoa nje, na mstari ule kwenye *106# utaanza lini.

Nakala ya TCRA naileta mapokezi kwa mkono, nigongewe mhuri. Ya Tume naituma Dodoma kwa EMS.

Wenu,
Fundi wa minara mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam